Jinsi ya kutafuta kaburi la babu aliyeenda vitani hakurudi: Keya, Kariakoo, Bama mpaka Kagera

Familia nyingi za huku kwetu zina jina moja ambalo likitajwa kwenye hitima au kwenye kikao cha ukoo mtu anasema tu "huyu alienda vita vya Wazungu hakurudi", basi, stori inaishia hapo, hakuna anayejua alikufia wapi wala kazikwa wapi. Wengi wanaamini haiwezekani kujua tena. Inawezekana, sio kwa kila mtu, lakini kwa wengi kuliko tunavyodhani, na sehemu kubwa ya kazi unaifanya kwa simu yako bila kutoa hata shilingi. Nimesaidia ndugu na majirani kwenye hii kitu kwa muda sasa kwa hiyo naandika ninachokijua, na naandika kirefu manake ukiruka hatua za mwanzo utahangaika bure mbele.

Hatua ya kwanza sio intaneti. Watu wengi wanakimbilia Google wanaandika jina la babu wanakosa wanakata tamaa. Anza na wazee, tena haraka, manake wanaokumbuka wanaondoka kila mwaka. Na usiwaulize "babu alikufa mwaka gani", hawajui na watakubahatishia tu ili wasikuangushe. Waulize vitu wanavyovikumbuka kweli: ilikuwa vita vya Mjerumani au vya Hitla? Nani alizaliwa kipindi hicho, njaa gani ilikuwepo, chifu au mtemi au jumbe gani aliwakusanya vijana, waliondoka kwa miguu au kwa treni, alikuwa ameoa au bado, nani alileta habari ya kifo, na kuna hela yoyote ililetwa nyumbani? Hilo la hela liulize mara mbili, nitalirudia huko mbele kwa nini.

Vita vya Mjerumani ni 1914 mpaka 1918 na huku kwetu vilipiganwa hapahapa, kuanzia Tanga na Taveta mpaka Lindi, Msumbiji na mwisho kabisa Abercorn ambayo leo ni Mbala, Zambia, ambapo Lettow-Vorbeck, jemadari wa Mjerumani, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Vita vya Hitla ni 1939 mpaka 1945 na humo ndo wazee wetu walipelekwa mbali, Abisinia yaani Ethiopia, Somalia, Bukini yaani Madagaska, Misri, Seiloni yaani Sri Lanka na Bama yaani Myanmar. Kwa hiyo mzee akikwambia "alipanda meli" tayari umeshajua mengi. Akikwambia "alibeba mizigo ya askari" nalo ni jambo kubwa, manake askari wa Keya na mpagazi wa Kariakoo waliandikwa tofauti kabisa kwenye vitabu vya serikali, na tofauti hiyo mpaka leo ndo inaamua kama utampata kirahisi au kwa shida.

Kwa vijana ambao haya majina ni mageni: Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza lililoundwa 1902. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na soko letu pale Dar limepata jina kutokana na kambi yao, Nairobi nao wana Kariokor yao. Malawi na Zambia wapagazi waliitwa tengatenga. Ukitafuta usitafute Keya peke yake, kuna mapainia yaani askari wa kazi za mikono na ujenzi, kuna madereva wa East African Army Service Corps, kuna wapiga mizinga wa East African Artillery, kuna wahudumu wa hospitali za jeshi, wote hao walikufa na wana makaburi.

Baada ya wazee pekua nyumba. Masanduku ya bibi, Biblia na misahafu ya zamani, nyuma ya picha zilizotundikwa ukutani. Unatafuta barua, cheti cha jeshi, picha yenye beji kofiani au begani, na medali. Medali inaongea sana. Zile za Vita vya Kwanza ukizigeuza pembeni kwenye ukingo unakuta namba, jina na kikosi vimechorwa kwa herufi ndogo, chukua tochi na uangalie polepole. Za Vita vya Pili zile nyota kwa askari wetu mara nyingi hazina jina lakini katikati zimeandikwa ni nyota gani: ikiwa imeandikwa "The Burma Star" basi alifika Bama, ikiwa "The Africa Star" basi alikuwa upande wa Abisinia, Somalia au Afrika Kaskazini. Tafadhali usiisugue kwa majivu ing'ae, unafuta maandishi. Piga picha pande zote, tuma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na huyo mwenye nayo aambiwe asiiuze.

Ukipata namba ya jeshi andika yote kama ilivyo, herufi zake, mkwaju na kila kitu. Namba inashinda jina. Juma Salum wapo mia, namba ni ya mtu mmoja.

Sasa jina. Hapa ndo watu wengi wanapotea na nawaomba mtulie. Jina mnalomwita nyumbani sio lazima liwe ndo lililoandikwa. Karani aliyekaa mezani siku ya kuandikisha alikuwa Mzungu au Mhindi au Mwafrika wa kabila lingine, akasikia anavyosikia akaandika anavyoweza, na babu yako pengine hakujua kusoma hivyo hakumrekebisha. L na R zinabadilishana, H inaongezwa au inaondoka, Ng' inakuwa N au G, Mw inabaki M tu, Athumani anakuwa Asmani au Osman, Selemani anakuwa Suleiman au Sulimani, Mwakalinga anakuwa Makaringa. "Bin" inaandikwa au inarukwa, wengine wameandikwa "s/o" maana yake mtoto wa fulani, Wakalenjin wana arap, Wamasai wana ole, mara iko mbele mara haipo. Na wengi wameandikwa jina moja tu, yaani mtu mzima kwenye kitabu ni "Hamisi" basi. Tena kuna waliosilimu au kubatizwa jeshini wakachukua jina ambalo nyumbani hakuna aliyelijua. Kabla hujafungua kompyuta kaa na karatasi uandike kila namna jina lake na la baba yake yanavyoweza kuandikwa na mtu asiyeijua lugha yenu. Ukifika kumi na tano uko vizuri.

Hapo sasa nenda kwenye tovuti ya CWGC, Commonwealth War Graves Commission. Hii ndo taasisi inayotunza makaburi ya waliokufa upande wa Mwingereza, ilianza 1917, makao yake yako Maidenhead Uingereza, na ina majina kama milioni 1.7 ya vita vyote viwili. Kutafuta ni bure kabisa. Nasisitiza bure, manake kuna watu wanapita vijijini au mtandaoni wanawaambia wazee walipe hela watafutiwe kaburi na "fidia ya Malkia", msitoe hela yoyote kwa mtu wa namna hiyo.

Kwenye sehemu ya kutafuta waliokufa usijaze kila kisanduku, ukijaza sana inakunyima. Anza na jina moja tu, chagua vita, basi. Ukipata majibu mengi ongeza kikosi, andika "King's African Rifles" au "East African". Jaribu jina lake kwenye kisanduku cha ukoo na jina la baba kwenye kisanduku cha kwanza, alafu geuza, manake waliingiza ovyo. Ukikosa kwa jina tafuta kwa mahali: kuna kisanduku cha taarifa za ziada, humo kwa wale wa Vita vya Pili mara nyingine wameandika mtoto wa nani, mume wa nani na anatoka wapi, kwa hiyo andika "Tabora" au "Nyeri" au "Songea" au jina la wilaya ya zamani kama ilivyoandikwa enzi hizo, uone wote waliotoka huko. Kwa wilaya za zamani angalia kabla wilaya yenu ilikuwa sehemu ya ipi, manake nyingi za leo hazikuwepo. Kuna na kitufe cha kupakua majibu yote kama faili la Excel, pakua, ukae nalo jioni ukisoma jina moja moja kwa sauti. Kwa sauti kweli, sio kwa macho, manake lile jina lililoharibiwa na karani ukilisoma kwa sauti sikio linalitambua.

Kitu kingine kuhusu vikosi. Kikosi kimeandikwa kwa namba na namba inakuambia nchi. 1 na 2 KAR ni Nyasa yaani Malawi ya leo, 3 na 5 ni Kenya, 4 ni Uganda, 6 ni Tanganyika, na kwenye Vita vya Kwanza kulikuwa na 7 ya Zanzibar na Mafia. Kwenye Vita vya Pili jeshi lilipopanuliwa zikaja namba kubwa, 26 na 36 ni za Tanganyika, 11 ni ya Kenya, 34 na 44 za Uganda, hizo zote zilifika Bama. Ukiona kwenye Vita vya Kwanza imeandikwa 2/3 au 3/4 KAR hiyo sio tarehe, ni batalioni ya pili ya rejimenti ya tatu, ya tatu ya rejimenti ya nne, na kadhalika. Lakini usijifunge sana na nchi, watu walivuka mipaka wakajiandikisha walikokuwa wanafanya kazi, Mnyasa kaandikishwa Tanganyika, Mnyarwanda kaandikishwa Uganda, ni kawaida.

Ukimpata, soma vizuri mstari wa mwisho. Kuna majibu ya aina mbili na watu wanayachanganya. Kama kuna jina la makaburi na chini yake ploti, mstari na namba ya kaburi, basi kaburi lipo na lina jiwe. Kama imeandikwa "Memorial" na namba ya paneli au nguzo, maana yake mwili haukupatikana au kaburi halikutambulika na jina lake limeandikwa ukutani pamoja na wenzake. Hilo la pili sio kwamba hamjampata, mmempata, na pale ukutani ndo mahali pake rasmi.

Wa Bama wengi wako Taukkyan, nje kidogo ya Yangon. Pana makaburi na pana ukuta mkubwa unaoitwa Rangoon Memorial wenye majina karibu 27,000 ya waliokufa bila kaburi kujulikana, na Waafrika Mashariki wamo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya kule, matope mpaka kiunoni, malaria na kuhara damu, ikafika Kalewa mwezi Desemba, kwa hiyo ukiona tarehe ya kifo kati ya Agosti na Desemba 1944 karibu una uhakika ni njia hiyo. Waliofia Seiloni walipokuwa mafunzoni wapo kwenye makaburi ya huko, Kandy kwa mfano. Waliokufa Bukini mwaka 1942 wapo Diego Suarez. Abisinia kuna makaburi ya vita Addis Ababa.

Na kama wazee wenu wanasema "alizama na meli" sikiliza kwa makini. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu, wakafa watu 1,297, na humo kulikuwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa rejimenti ya 301, vijana wa huku kwetu kabisa. Majina yao hayako mbali, yako Nairobi, kwenye East Africa Memorial ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Kuna familia Kenya na Tanzania hawajui kwamba wanaweza kupanda basi asubuhi wakalisome jina la babu yao lilipo.

Dar nako kuna jambo la kujua. Kama kuna barua ya zamani au mzee anasema fulani alizikwa Ocean Road, usiende Ocean Road. Mwaka 1968 makaburi ya Vita vya Kwanza ya pale yalihamishwa kupisha barabara, yakapelekwa kwenye makaburi ya vita yaliyopo sasa kwenye barabara ya kwenda Mwenge na Bagamoyo. Sehemu za Waafrika na Wahindi pale Ocean Road makaburi yao mengi hayakuwa na alama ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo sio wote utawakuta na jiwe lao. Pia kuna makaburi ya vita au sehemu ya vita ndani ya makaburi ya kawaida Tanga, Moshi, Morogoro, Iringa, Dodoma, na upande wa Kenya Voi, Taveta, Mbaraki Mombasa na Nairobi South.

Kwenye ukurasa wa marehemu teremka chini kabisa, mara nyingi wameambatanisha fomu za zamani zilizoskaniwa, fomu ya usajili wa kaburi, fomu ya jiwe, na kama mwili ulihamishwa kuna karatasi inayoonyesha ulitolewa wapi kwa vipimo vya ramani. Hiyo karatasi ni dhahabu. Inakuambia mahali halisi alipoangukia kabla hajapelekwa kwenye makaburi makubwa.

Sasa nifike kwenye jambo gumu zaidi, na hili naomba lisomwe na kila mtu ambaye jina la babu yake halipo.

Kutokuwepo kwenye orodha sio ushahidi kwamba hakufa vitani wala kwamba wazee walidanganya. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, na askari wengi pia, hawakuandikwa kwa makusudi. Baada ya vita tume ya makaburi pamoja na watawala wa kikoloni waliamua kwamba Waafrika wasiwekewe mawe yenye majina kama Wazungu, wakajenga sanamu za pamoja Dar, Nairobi na Mombasa, ile sanamu ya Askari pale Dar ya 1927 mnayopita kila siku ni mojawapo, ina maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, haina jina hata moja. Makaburi yenyewe ya porini yakaachwa yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti wakakiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nikisoma namba hiyo huwa nasimama. Hao ni baba wa watu, walibeba mizigo ya wenzao kilo kwa kilo kutoka Taveta mpaka Rufiji mpaka Mahiwa, wakafa zaidi kwa malaria, kuhara damu na nimonia kuliko risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikudaiwa wala kufika nyumbani.

Kwa hiyo kwa mpagazi mategemeo ya kupata kaburi kabisa ni madogo, nisiwadanganye. Lakini kupata jina, kambi na tarehe inawezekana, na jina likipatikana na ushahidi linaweza kuingizwa kwenye orodha rasmi. CWGC wanapokea majina ya waliosahaulika. Unaandika barua pepe kwa Kiingereza cha kawaida tu, unaeleza jina na namna zote linavyoandikwa, kijiji na wilaya ya zamani, vita gani, kazi gani, nani alileta habari, na unaambatanisha ulichonacho. Kinachotakiwa kuonyeshwa ni kwamba alikuwa kwenye utumishi wa jeshi na alikufa ndani ya tarehe zao: 4 Agosti 1914 mpaka 31 Agosti 1921 kwa vita vya kwanza, 3 Septemba 1939 mpaka 31 Desemba 1947 kwa vya pili. Angalia hizo tarehe zinavuka mwisho wa vita, maana yake hata aliyerudi mgonjwa akafia hospitali kwa ugonjwa wa huko anaweza kuingia. Na sio ahadi hewa, Cape Town mwezi Januari 2025 wamezindua mnara wa wafanyakazi weusi wa jeshi wa Afrika Kusini wenye majina zaidi ya 1,700 ambayo miaka mia moja hayakuwa popote.

Ushahidi unatoka wapi? Ndo narudi kwenye ile hela. Askari akifa, mshahara uliobaki ulipitia kwa Bwana DC, DC akamwita chifu, chifu akamleta mke au baba apige dole gumba. Kwa hiyo karatasi ilikuwepo wilayani, ina jina la marehemu, jina la mrithi, kijiji na chifu wake. Karatasi za wilaya zilizosalimika ziko nyaraka za taifa. Tanzania ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga Dar, Kenya ni pale Moi Avenue Nairobi, jengo wanalolijua wote. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au chuo, kuna ada ndogo, na ukifika usiulize "nataka kaburi la babu yangu", mhudumu atashindwa kukusaidia. Uliza mafaili ya wilaya yenu ya miaka ile yanayohusu askari, wapagazi, mishahara ya marehemu na mirathi. Kaa na yule mhudumu vizuri, msalimie, mweleze stori ya familia, hawa watu wanajua mafaili ambayo hayako kwenye orodha yoyote ya kompyuta.

Gazeti nalo lisipuuzwe. Mambo Leo la Tanganyika lilianza 1923 na Baraza la Kenya 1939, kwa Vita vya Pili humo utakuta habari na barua kuhusu askari, na mara nyingine barua inamtaja mtu wa kijiji chenu.

Kwa wenye ndugu Uingereza, nyaraka za taifa za kule ziko Kew, London. Huko ndo kuna shajara za vita za kila kikosi, yaani daftari ambalo ofisa alijaza kila siku: leo tumelala wapi, tumepigana wapi, wangapi wamekufa. Za Afrika Mashariki Vita vya Kwanza ziko kwenye kundi WO 95, za Vita vya Pili upande wetu na Mashariki ya Kati WO 169, za Bama WO 172. Jina la babu hutalikuta mara nyingi, ofisa Mzungu anaandikwa jina, askari wetu wanaandikwa "askari watatu". Inauma. Lakini kama una tarehe ya kifo kutoka CWGC na una kikosi, shajara ya siku hiyo inakupa kijito, kilima au kijiji, na hapo unajua alikufia wapi hata kama kaburi halina alama.

Upande wa Mjerumani ni mgumu kuliko yote. Babu aliyekuwa askari wa Mjerumani hayumo CWGC isipokuwa kama alitekwa akahamia Keya, na hao wapo wengi, 6 KAR ya 1917 iliundwa kwa sehemu kubwa na askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani. Kwa hiyo jaribu huko kwanza. Ikishindikana kuna mafaili ya Kijerumani hapohapo nyaraka za taifa Dar, na kuna Volksbund, taasisi ya Wajerumani inayoshughulika na makaburi ya vita, waandikie. Na kama mnatoka kusini au milimani penye misheni za zamani, omba vitabu vya parokia au usharika, vya ubatizo, ndoa na mazishi. Padri au mchungaji mwandishi mzuri aliandika hata "mume amefia vitani" pembeni ya jina la mjane alipoolewa tena.

Kuhusu Vita vya Kagera, 1978 na 1979, njia ni nyingine kabisa na fupi zaidi, manake ni jeshi letu wenyewe. Wanajeshi wetu waliokufa kule wamezikwa kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, na wale waliofia Msumbiji miaka ya themanini wapo Naliendele, Mtwara. Familia ambayo haijawahi kuambiwa waziwazi ianze kwa mshauri wa mgambo wa wilaya au ofisi ya DC, na barua iandikwe Makao Makuu ya JWTZ ikiwa na jina kamili, namba ya jeshi kama ipo, kikosi, mwaka aliojiunga na kambi aliyoondokea. Wengi walikuwa mgambo, sio wanajeshi wa kudumu, hilo liseme wazi kwenye barua ili watafute kwenye orodha sahihi. Tafuta na wenzake waliorudi, bado wapo, wana miaka sabini na kitu mpaka themanini, vyama vya wanajeshi wastaafu vinaweza kukuunganisha. Mtu aliyekuwa naye handaki moja anajua zaidi kuliko faili. Ila nenda naye taratibu, usimwekee simu mdomoni ukimrekodi dakika ya kwanza. Na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, ni siku nzuri ya kukutana nao.

Ukishapata mahali, kwenda ni rahisi kwa ya hapa kwetu. Makaburi ya CWGC yanafunguliwa bure, kuna mtunzaji, na mara nyingi ukutani karibu na geti kuna kisanduku cha chuma chenye kitabu cha majina na kitabu cha wageni. Andika kwenye kitabu cha wageni, andika uhusiano wenu na kijiji mnachotoka, manake hicho kitabu kinasomwa. Mkitaka kuomba dua, kusoma yasini au kufanya misa pale hamna atakayewazuia, mwambieni mtunzaji tu mapema kama mko wengi. Wanaotaka kuchukua udongo kidogo wakauzike nyumbani wamuombe yeye kwanza, msichimbe wenyewe.

Kwa walio mbali kama Taukkyan, na hali ya Myanmar ilivyo sasa sio mahali pa kukimbilia, omba picha. Kuna mradi wa kujitolea unaitwa The War Graves Photographic Project wenye picha nyingi sana za mawe na kuta za majina, na Find a Grave nayo ukiomba mtu aliye karibu anaweza kukupigia. Ichapishe kubwa, wazee hawaioni kwenye simu.

Na wale ambao hawatapata kaburi wala ukuta, mila zetu zina njia tangu zamani. Wajaluo wanazika tunda la yago mahali pa mwili usiorudi, Waluhya wana mgomba, wengine wana hitima au misa na jina linaandikwa kwenye jiwe la makaburi ya ukoo. Fanyeni, msisubiri karatasi ya Maidenhead, karatasi ikija mtaongeza tarehe.

La mwisho, angalia jiwe au paneli kwa herufi. Ukikuta jina la babu limekosewa, au umri, au limeandikwa jina moja wakati mna uhakika wa jina la baba yake, CWGC wanarekebisha ukiwa na ushahidi. Tuma picha ya jiwe, nakala ya cheti au barua yoyote yenye jina sahihi, maelezo ya wazee wawili yaliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa au chifu, na uandike namba yao ya marehemu iliyoko kwenye ukurasa wake ili wasimchanganye na mwingine. Wakichelewa kujibu waandikie tena na barua ya kwanza uiweke chini yake.